Kafala inavyofanya kazi: kadama, kafili, ajenti na pesa iliyo katikati yao

Video ya dada anayelia akiwa amejifungia chooni kwa bosi wake Riyadh ikianza kuzunguka kwenye simu, maoni chini yake huwa ni yale yale. Mmoja atasema Waarabu ni wabaya. Mwingine atasema dada ana kiburi, mbona fulani amekaa miaka minne na amejenga. Wa tatu atasema ni bahati tu, ukimpata bosi mwema umepona. Wa nne ataleta habari kwamba Saudi Arabia ilishaifuta kafala, kwa hiyo video hiyo ni ya zamani. Mara chache sana utamkuta anayeuliza maswali yenye majibu ya uhakika: karatasi za huyu dada anazo nani, na kabla hajafika pale, nani alimlipa nani, kiasi gani?

Makala haya yanajibu maswali hayo mawili. Ukishayajua majibu yake, mambo mengi yanayoitwa bahati au tabia mbaya yanaanza kueleweka.

Tuanze na majina. Kafala ni utaratibu wa udhamini unaotumika katika nchi sita za Ghuba, yaani Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman, na pia Lebanon na Jordan. Mgeni anayekuja kufanya kazi lazima awe na mdhamini mwenyeji, ambaye huitwa kafili. Kibali chake cha kuishi nchini, ambacho Saudi Arabia huitwa iqama, hutolewa kupitia kafili huyo na kimefungwa kwake. Kadama ni jina ambalo Wakenya na Waganda wamelizoea kwa mwanamke anayefanya kazi za ndani kule. Wakala wa huku nyumbani ni ajenti, na wakala mwenzake wa kule anajulikana kwa jina moja tu: ofisi. Kwa hiyo safari ya mwanamke mmoja kutoka Kwale, Tanga au Nakuru ina pande nne: yeye, ajenti, ofisi na kafili. Mkataba unaoonekana ni wa kadama na kafili. Mkataba unaoamua mengi ni ule wa kafili na ofisi, na huo kadama haonyeshwi.

Dereva wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba anaielewa sehemu ya jambo hili. Kadi ya pikipiki iko kwa tajiri, hesabu inapelekwa kila siku, na ukizozana naye unanyang'anywa chombo. Lakini dereva huyo akichoka anarudisha ufunguo na kwenda zake nyumbani. Chini ya kafala, kibali cha mfanyakazi kuwa ndani ya nchi kinategemea ajira hiyo hiyo, kwa hiyo siku anapoiacha kazi bila utaratibu, anageuka mtu asiye na haki ya kuwa pale aliposimama.

Kuna dhana kwamba huu ni utaratibu wa dini. Sivyo. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kafala ni dhamana ya deni au ya mtu, na pia ni malezi ya yatima. Kumfunga mfanyakazi mgeni kwa mdhamini mmoja ni utaratibu wa kiutawala wa karne ya 20. Mtafiti Omar AlShehabi ameufuatilia hadi Bahrain ya wakati wa usimamizi wa Uingereza, ambako maofisa walitaka kuwadhibiti wageni waliokuja kwenye uzamiaji wa lulu. Hadithi inayojulikana na kila aliyepita madrasa ni ile ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Kwa nini bosi husema "nimekununua"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo mazungumzo yetu yanapopapita haraka.

Mwanamume anayekwenda Ghuba kufanya kazi ya ulinzi au ujenzi mara nyingi hulipa mwenyewe: anauza ng'ombe, anakopa, anampa ajenti. Kwa mwanamke wa kazi za ndani mtiririko huo wa pesa umegeuzwa. Anayelipa ni kafili. Yeye ndiye anayegharamia viza, tiketi na kazi ya mawakala. Saudi Arabia malipo hayo hupitia Musaned, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kuajiri wafanyakazi wa ndani, na serikali yao imeweka ukomo kwa kila nchi. Mwaka 2024 ukomo wa kumleta mfanyakazi kutoka Kenya ulishushwa hadi riyali 9,000, na kutoka Uganda hadi riyali 8,300.

Sasa weka mshahara kando ya namba hiyo. Kiwango kinachoonekana sana kwenye mikataba ya wanawake wetu ni riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75, kwa hiyo riyali 900 ni dola 240. Maana yake ni kwamba kabla kadama hajaosha hata kikombe kimoja, bosi ameshatoa mshahara wa miezi kumi, na pesa hiyo haikuingia mfukoni mwa kadama. Imegawanywa kati ya ofisi, ajenti, viza na ndege. Mkataba wenyewe ni wa miaka miwili, yaani riyali 21,600 kwa kiwango hicho cha 900.

Ndiyo maana bosi huona amenunua kitu. Ndiyo maana akiambiwa mfanyakazi anataka kuondoka mwezi wa tano, jibu lake huwa: nirudishie pesa yangu. Na ndiyo maana ule usemi mtamu wa ajenti, kwamba safari ni bure kabisa, unapaswa kusikilizwa kwa makini. Ni kweli kwamba hapaswi kukutoza tiketi wala viza; anayefanya hivyo anakula pande mbili. Lakini safari ya bure ina mtu aliyeilipia, na mtu huyo anakusubiri uwanja wa ndege akiwa na hesabu kichwani.

Kuna namba nyingine ambayo kila mwanamke anayeondoka angepaswa kuijua kama anavyolijua jina lake: 90. Saudi Arabia, siku 90 za kwanza ni kipindi cha majaribio na dhamana. Katika muda huo, mfanyakazi akikataa kazi, akiugua au akionekana hafai, ofisi inawajibika kumletea kafili mfanyakazi mwingine au kumrudishia pesa. Siku 90 zikipita, dhamana hiyo ya ofisi inaisha.

Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini dada anayelalamika siku ya ishirini anaambiwa na ajenti wake avumilie, azoee, amalize tu miezi mitatu. Ajenti hampi ushauri wa maisha. Anailinda pesa isirudi. Utaelewa pia kwa nini dada huyo huyo akipiga simu siku ya mia moja, ofisi inamwambia azungumze na bosi wake. Malalamiko ya kweli (nyumba si ile ya kwenye mkataba, watu ni kumi na wawili badala ya watano, hakuna chumba cha kulala chenye kufuli) yana nguvu kubwa zaidi yakiandikwa ndani ya siku 90. Yaandikwe, yasisemwe tu: ujumbe wa maandishi wa WhatsApp kwa ajenti na kwa ofisi, wenye tarehe. Ujumbe wa sauti ni mgumu kuutafsiri na ni rahisi kukanushwa.

Karatasi tatu

Ya kwanza ni pasipoti. Kuishikilia ni kosa kisheria Saudi Arabia na katika nchi nyingine za Ghuba, lakini mazoea ni yale yale: inakabidhiwa kwa kafili au dereva wake siku ya kuwasili, "kwa usalama." Sheria ikikatazwa kuingia chumbani haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuwa na picha ya ukurasa wenye sura, ukurasa wa viza na mkataba, zilizotumwa kwa watu wawili nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Ya pili ni iqama. Kuitafuta na kuilipia ni kazi ya kafili. Kwa mfanyakazi wa ndani ada yake ni riyali 600 kwa mwaka. Asipoifuatilia, mfanyakazi anakuwa nchini bila kibali ilhali hakufanya kosa lolote, na bila iqama kufungua akaunti, kusajili laini ya simu kwa jina lako au kutuma pesa kwa njia halali kunakuwa shida. Hapo ndipo dada anaanza kutumia laini ya bosi na kutuma mshahara kupitia kwa mtu mwingine, na ushahidi wote wa malipo unapotea.

Ya tatu ni ruhusa ya kutoka, ambayo wenyewe huita "exit." Mfanyakazi wa ndani Saudi Arabia hajikatii tiketi akaondoka, exit ya mwisho inaombwa na kafili kwenye mfumo wa serikali. Mkataba ukiisha na kafili akawa hajaombea, siku zinahesabika huku kazi inaendelea.

Kwenye mifumo hiyo hiyo kafili ana kitufe kingine: kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka. Hali hiyo huitwa huroob. Ikishaandikwa, iqama haifanyi kazi, na mwenye nayo anaweza kukamatwa, kufungiwa, kurudishwa na kuzuiwa asiingie tena. Wapo makafili wanaoitumia kama silaha, kwa mfano kuripoti utoro siku mfanyakazi anapodai mishahara ya miezi minne. Wapo pia wanaotoroka kweli. Wakenya wamewapa jina la kemboi, wakimkumbuka Ezekiel Kemboi, bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji. Kemboi anaishi chumba cha kupanga na wenzake, anafanya kazi za kutwa kwa malipo yanayozidi mshahara wa mkataba, na anaonekana amepata uhuru. Kisichoonekana ni kwamba akiugua hospitali inataka iqama, akiibiwa hawezi kwenda polisi, na njia yake ya kurudi nyumbani inapitia kituo cha kuzuilia wahamiaji.

Kwa hiyo ushauri wa kivitendo ni huu. Mtu asiondoke nyumbani kwa kafili kabla ya kuacha alama ya malalamiko mahali fulani: kwa ofisi kwa maandishi, kwa Wizara ya Rasilimali Watu ya Saudi Arabia kwa namba 19911, au kwa ubalozi wa nchi yake. Malalamiko yaliyotangulia ripoti ya utoro yanaifanya ripoti hiyo iweze kupingwa. Ila maisha au mwili vikiwa hatarini, hesabu hii haipo: anatoka na kwenda polisi, hospitali au ubalozini, na karatasi zitafuata.

Kanuni za Saudi Arabia zenyewe zinamruhusu mfanyakazi wa ndani kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya kafili katika hali kadhaa. Miongoni mwake: kafili asipolipa mshahara wa miezi mitatu, iwe mfululizo au kwa vipande, asipomchukua ndani ya siku 15 tangu afike, akichelewa kutoa au kuhuisha iqama kwa zaidi ya siku 30, akimpeleka kufanya kazi kwa watu wengine bila kumuuliza, akimtesa, au akitoa taarifa ya uongo ya utoro. Lile la kupelekwa kwa watu wengine, kama vile asubuhi kwa bosi na jioni kwa dada wa bosi, linawapata wengi mno, nao hudhani ni sehemu ya kazi.

Je, imefutwa?

Habari ya kufutwa kwa kafala hurudi kila baada ya muda, na kila mara ina punje ya ukweli. Saudi Arabia ilianza mageuzi Machi 2021, na wafanyakazi wa sekta binafsi wakaruhusiwa kubadili mwajiri na kuondoka nchini bila kumuomba ruhusa. Lakini mageuzi yale yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, madereva wa nyumbani, watunza bustani na wachungaji. Yaani mhasibu kutoka Nairobi alifunguliwa mlango. Aliyemlelea mtoto mkurugenzi wa mhasibu huyo hakufunguliwa. Wanawake wetu wengi wako kwenye kundi hili la pili.

Kundi hili lina kanuni zake. Zile zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku, saa 24 mfululizo za mapumziko kwa wiki, umri usiopungua miaka 21, likizo ya mwezi mmoja yenye malipo baada ya miaka miwili, na kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne. Pia, kuanzia Julai 2024 mikataba mipya inatakiwa kulipwa kwa njia ya benki au pochi ya kidijitali kupitia Musaned, na hatua kwa hatua hadi Januari 2026 sharti hilo likawafikia waajiri wote. Kwa maoni yangu hili la malipo ni kubwa kuliko yote, kwa sababu mshahara uliopita benki hauna mjadala wa "nilimpa mkononi."

Kwingineko hali inatofautiana, na ni kosa kusema "Uarabuni" kana kwamba ni nchi moja. Kuwait ilikuwa ya kwanza Ghuba kutunga sheria ya wafanyakazi wa ndani, mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaweka mshahara wa chini wa dinari 60. Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka na ruhusa ya kubadili mwajiri mwaka 2020, na tangu Machi 2021 ina mshahara wa chini wa riyali za Qatar 1,000 unaowahusu hata wafanyakazi wa ndani. Falme za Kiarabu zina sheria ya 2022 inayotaka mapumziko ya saa 12 kwa siku, nane kati ya hizo zikiwa mfululizo. Lebanon ni habari nyingine: sheria yake ya kazi ya 1946 inawatoa nje wafanyakazi wa ndani, na mkataba mpya ulioletwa Septemba 2020 ulisimamishwa mwezi uliofuata baada ya wamiliki wa ofisi za kuajiri kwenda kuupinga. Mwaka huo huo, uchumi ulipoporomoka, waajiri waliwashusha wanawake wa Kiafrika na mabegi yao mbele ya balozi ndogo jijini Beirut.

Oman inahitaji neno la pekee kwa wasomaji wa Zanzibar, Tanga na Mombasa. Kwa sababu ya historia, familia nyingi za Muscat na kwingineko zinazungumza Kiswahili, na wanawake huambiwa kule ni kama nyumbani. Lugha inasaidia kweli: unaweza kueleza kichwa kinauma, unaweza kuelewana kuhusu siku ya mapumziko. Haibadilishi kibali cha nani kimefungwa kwa nani.

Wanawake wawili ndani ya nyumba moja

Kwa nini wanahitajika wanawake wengi hivi, na kwa nini sasa? Jibu moja liko kwa wanawake wa Kisaudi wenyewe. Mwaka 2017 chini ya asilimia 20 yao walikuwa kwenye soko la ajira. Dira ya 2030, mpango wa maendeleo wa Saudi Arabia, iliweka lengo la asilimia 30, na lengo hilo lilipitwa miaka mingi kabla ya wakati. Juni 2018 waliruhusiwa kuendesha gari. Agosti 2019 wenye umri wa miaka 21 na zaidi waliruhusiwa kupata pasipoti na kusafiri bila idhini ya mlezi wa kiume. Ni mabadiliko makubwa na ya haki. Lakini mama anapoanza kutoka saa moja asubuhi kwenda ofisini, watoto, wazee na jiko vinabaki. Waume hawakuingia jikoni kwa kasi ile ile. Akaletwa kadama. Hivyo ndani ya nyumba moja yupo mwanamke aliyepata haki ya kusafiri bila kuomba ruhusa, na mwanamke ambaye exit yake bado inaombwa na mtu mwingine.

Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliuita mpangilio huu mnyororo wa malezi duniani, katika maandishi yake ya mwaka 2000, akiwaangalia zaidi wanawake wa Ufilipino. Kwetu pingili zake zinaonekana wazi. Mama anakwenda Jeddah kulea mtoto wa mwingine. Watoto wake wanabaki kwa bibi yao, aliyedhani amemaliza kulea. Bibi akizidiwa, familia inatafuta binti kutoka kijijini asaidie. Na ukishuka hadi pingili ya mwisho, malipo yamepungua mno. Amri ya mishahara ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kiwango cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri katika nyumba za kawaida. Zile dola 240 za Riyadh, ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi 600,000. Mara kumi. Tofauti hiyo inaeleza foleni ya pasipoti kuliko tangazo lolote la ajenti, na inatuuliza jambo: wengi wanaokasirika mtandaoni kwa sababu ya dada wa Riyadh anayefanya kazi saa 18 bila siku ya mapumziko, wana binti jikoni anayefanya kazi saa hizo hizo.

Pingili ya bibi hailipwi kitu chenye jina la mshahara. Akiugua, mnyororo wote unayumba, na ndiyo moja ya sababu kubwa za wanawake kuvunja mkataba kabla ya wakati na kuingia kwenye ule mgogoro wa "nirudishie pesa yangu." Anayeondoka angefanya vyema kupanga mlezi wa akiba mapema, na kuandika kwenye karatasi nani ana haki ya kumpeleka mtoto hospitali na kusaini shuleni.

Wapo wanaosema serikali zifunge tu safari hizi. Zimeshafungwa. Ethiopia ilizuia mwaka 2013, Kenya mwaka 2014, Uganda mwaka 2016. Kenya na Uganda zilifungua tena 2017, Ethiopia 2018. Katika miaka ya kuzuia, wanawake walipita nchi jirani, wakaruka kwa viza za matembezi, wakafika bila mkataba uliosajiliwa popote. Katazo liliwaondoa kwenye takwimu, likawaacha kwenye hatari. Viza ya matembezi ya Dubai au Muscat, pamoja na ahadi ya "utabadilishiwa ukifika," mpaka leo ndiyo njia inayozaa kesi ngumu kabisa: hakuna kafili aliyeandikwa, hakuna mkataba, na ubalozi hauna pa kuanzia.

Kabla ya kupanda ndege

Ajenti ahakikiwe kwa jina na namba ya leseni, si kwa mabango ya barabarani. Kenya orodha iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tanzania Bara kuna TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Zanzibar huduma hii iko chini ya wizara inayohusika na kazi. Leseni iwe hai leo, kwa sababu kampuni iliyofutiwa leseni huweza kurudi kwa jina jingine na ofisi ile ile.

Mkataba usomwe katika lugha anayoijua msafiri. Tatizo la kawaida ni mikataba miwili: mmoja wa Kiingereza uliosainiwa Nairobi wenye riyali 1,000, mwingine wa Kiarabu anaosainishwa kule wenye riyali 800. Ulio kwenye mfumo wa Musaned ndio wa kulinganisha nao. Angalia mambo manne: mshahara, idadi ya watu nyumbani, mji, na jina la kafili. Jina la kafili kwenye viza na kwenye mkataba likitofautiana, usipande ndege hadi lielezwe.

Vipimo vya afya hufanywa kwenye vituo vilivyoidhinishwa na Ghuba tu, na hupima ujauzito, kifua kikuu, VVU, homa ya ini na kaswende. Anayelipia "kusafishiwa" majibu anajitengenezea tiketi ya kurudi, maana hupimwa tena akifika ili apate iqama.

Nyumbani ziachwe: nakala ya pasipoti, viza, mkataba, leseni ya ajenti, namba ya simu ya ofisi ya kule, na tarehe na namba ya ndege. Familia nyingi zikienda kuripoti kwamba binti yao hapatikani, zinajua tu kwamba "yuko Saudi." Nchi ile ni kubwa kuliko Kenya na Tanzania zikiunganishwa.

Pesa ikifika

Saudi Arabia imepanda haraka na kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha ambazo Wakenya wa ughaibuni hutuma nyumbani, katika jumla iliyofikia karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Nyuma ya namba hiyo kuna badiliko la ndani ya nyumba: mke ndiye mwenye kipato, mume ndiye mpokeaji. Wapo waume waliolea watoto vizuri sana katika miaka hiyo, na wanastahili kusemwa kwa sauti. Lakini kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la kaka, au nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mume, ni msiba unaojirudia, na sababu yake ni karatasi kuliko roho mbaya.

Hakuna sheria ya Kenya wala Tanzania inayomzuia mwanamke kumiliki ardhi kwa jina lake. Tanzania hilo limo wazi katika sheria za ardhi za 1999. Akiwa mbali, anaweza kusaini hati ya uwakilishi ubalozini, ikataja ununuzi huo mmoja tu, badala ya kumpa ndugu mamlaka ya jumla. Na kila anapotuma pesa, aandike ya nini: mabati, saruji mifuko 20, karo. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Muamala usio na maelezo unaweza kuonekana kama pesa ya matumizi. Tanzania, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kama mchango, jambo linalomlinda mke aliyebaki kulea na linalomhusu vilevile mume aliyebaki kulea.

Jambo la watoto huongelewa kwa kunong'ona. Mwanamke akijifungua Saudi Arabia bila cheti cha ndoa, hospitali huweza kuripoti, na mtoto anaweza kukosa cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hakuna hati ya kusafiria, bila hati hakuna exit. Hata hivyo mtoto huyo ana uraia: Katiba ya Kenya ya 2010 inampa uraia wa kuzaliwa mtoto wa mama au baba Mkenya, popote alipozaliwa. Kinachotakiwa ni uthibitisho wa uzazi, ambao balozi hufanya pamoja na kipimo cha vinasaba. Mama asisubiri siku ya kuondoka ndipo ajitokeze, kwa kuwa kipimo na hati huchukua muda mrefu kuliko tiketi inavyodumu.

Na siku hiyo ya kuondoka ina karatasi yake. Kabla ya exit ya mwisho, mfanyakazi huombwa kutia saini au dole gumba kwenye tamko la Kiarabu linalosema amepokea haki zake zote na hamdai kafili kitu. Wengi husaini wakiwa tayari na begi mlangoni, wakiahidiwa mshahara wa mwisho utatumwa. Likishasainiwa, madai yote huwa kama yamekufa, na akiwa Nairobi au Dar es Salaam ni vigumu mno kuyafufua. Mpangilio ulio salama ni huu: kwanza miezi iliyobaki, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na kiinua mgongo kama ametimiza miaka minne, viingie kwenye akaunti yake, tiketi ya kurudi ilipwe na kafili kama mkataba unavyosema, tamko lisomwe kwa lugha anayoijua, hata kwa kulipiga picha na kulituma kwa mtu wa kulitafsiri, halafu ndipo asaini, na abaki na nakala.